Sura ya Tano: Mto Uliogeuzwa

Mtu wa Utete, wa Mohoro au wa Kilwa Kivinje akiitazama filamu ya The African Queen, kuna mahali lazima agune. Katharine Hepburn ameketi nyuma ya boti kuukuu ya mvuke, mkono kwenye usukani, anashuka Mto Ulanga. Jina ni hilo hilo, halikuguswa hata herufi. Anashuka siku baada ya siku, anaponea chupuchupu kwenye maporomoko, anapita chini ya ngome ya Wajerumani risasi zikivuma masikioni, anakwama kwenye matete, na mwisho wa yote mto unamtoa kwenye ziwa kubwa ambamo meli ya kivita ya Kijerumani inafanya doria.

Ulanga upi huo? Huu tunaoujua sisi hauendi ziwani. Unakusanya maji ya bonde la Kilombero, unakutana na Luwegu, na hapo jina linageuka kuwa Rufiji. Unapokea Ruaha Mkuu, unapenya korongo ambalo leo limezibwa kwa bwawa la Julius Nyerere, unajinyoosha kupita Utete, kisha unagawanyika vijito chungu nzima na kumwaga matope yake baharini mkabala na Mafia. Mtu akipanda boti Ulanga na kuyafuata maji, asitegemee kuliona Ziwa Tanganyika wala Nyasa. Atakachokiona ni mikoko, na baada ya mikoko ni bahari, na kusini kidogo ni Kilwa.

C. S. Forester, Mwingereza aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, aliitoa mwaka 1935. Mwandishi wa hadithi ana ruhusa ya kuugeuza mto, sibishani naye. Kinachonichekesha ni kwamba kama angeuacha uende unakokwenda, wahusika wake wangefika mahali penye manowari ya kweli, kubwa kuliko ile ya kwenye hadithi, na katika msimu huo huo.

Maana filamu inaanza Septemba 1914. Mwezi huo manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa imejichimbia katika delta ya Rufiji. Ilichomoka ikaenda Unguja, na alfajiri ya tarehe 20 ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini ikitengenezwa, kisha ikarudi mafichoni. Waingereza waliitafuta pwani nzima wasiione. Jibu walilipata Lindi. Mwezi Oktoba meli yao, Chatham, ilifika kwenye mlango wa Mto Lukuledi, ikaikuta humo meli ya abiria ya Kijerumani, Präsident, ikijidai kuwa hospitali. Wakaipekua. Miongoni mwa karatasi zake zilikuwamo zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Rufiji kwa matishari. Nani anahitaji makaa yote hayo kwenye mikoko? Kabla mwezi haujaisha, Königsberg ilikuwa imeonekana, milingoti yake ikichungulia juu ya miti.

Hata hivyo ilikaa humo hadi Julai 1915. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa uhaba wa kina, ikabidi viletwe vyombo viwili vya chini bapa, Severn na Mersey, pamoja na ndege za kuwaelekeza wapige wapi. Tarehe 11 Julai nahodha Max Looff aliamuru meli ilipuliwe. Mizinga yake yote kumi ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kuvishwa magurudumu. Mmoja kati ya hiyo ulisafirishwa kwa reli mpaka Kigoma, ukafungwa kwenye meli mpya ya ziwani, Graf von Götzen. Meli hiyo ndiyo mama wa ile Louisa ya kwenye filamu, na wasafiri wa Kigoma na Kasanga wanaijua kwa jina la Liemba. Kwa hiyo kitu kutoka Rufiji kilifika ziwani kweli, ila kilikwenda kwa garimoshi.

Nimeanza na mto kabla ya mwanamke kwa sababu msomaji wa pwani hii ana haki ya kuujua. Sasa tuje kwake.

Katharine Hepburn alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 huko Hartford, Connecticut, Marekani. Kwa miaka mingi alidai amezaliwa tarehe 8 Novemba, na kisa cha uongo huo hakina mzaha. Tarehe ile ilikuwa ya kaka yake Tom, aliyekutwa amejinyonga mwaka 1921, na Katharine ndiye aliyemwona kwanza. Akaichukua siku ya kuzaliwa ya marehemu akaibeba kama yake, mpaka alipoandika kitabu cha maisha yake mwaka 1991 akiwa bibi wa miaka 84. Baba alikuwa daktari. Mama alikuwa mpiganiaji wa kura kwa wanawake, aliyewachukua watoto kwenye maandamano wakiwa wadogo. Ukishajua nyumba aliyotoka, hushangai kwamba alivaa suruali Hollywood wakati suruali kwa mwanamke ilikuwa kashfa.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1932. Mwaka uliofuata tu, kwa Morning Glory, akapata Oscar. Nyota inayopaa hivyo watu huiombea ianguke, naye alianguka. Filamu zilizofuata nyingi hazikuuza. Watazamaji walimwona ana maringo, anaongea kwa sauti ya pua ya watoto wa matajiri, hasaini vitabu vya mashabiki, hataki waandishi wa habari. Mwaka 1938 chama cha wenye majumba ya sinema kikatoa tangazo gazetini na orodha ya waigizaji waliowaita sumu ya mauzo. Jina lake lilikuwamo, pamoja na Greta Garbo, Marlene Dietrich na Joan Crawford. Kampuni yake ikaanza kumpa filamu za kudharaulika, akajinunua mwenyewe: alilipa fedha zake mkataba uvunjwe, akarudi kwao.

Kilichofuata ni biashara safi, na ningependa kila msanii wetu anayesaini mkataba bila kuusoma akijue. Mwandishi Philip Barry alimtungia tamthilia, The Philadelphia Story, kuhusu binti wa kitajiri mwenye majivuno anayeshushwa kidogo. Yaani watu walikuwa wanamchukia kwa majivuno, naye akaenda jukwaani kuwauzia majivuno yale yale, safari hii wapate kucheka. Jukwaani hakuchukua mshahara, alichukua fungu katika faida. Tajiri Howard Hughes, aliyekuwa na uhusiano naye, akamnunulia haki za filamu kabla hata tamthilia haijavuma. Ilipovuma, Hollywood wakaja mbio wakiitaka hadithi. Wakakuta hadithi ina mwenyewe. Anayeitaka hadithi amchukue na Hepburn, na Hepburn ndiye atakayesema mwongozaji awe nani. Filamu ilitoka mwaka 1940, ikafana mno, na neno sumu halikusikika tena.

Miaka ya arobaini aliigiza na Spencer Tracy, filamu baada ya filamu, jumla tisa hadi Tracy alipofariki. Walipendana nje ya kamera pia, ingawa Tracy alikuwa na mke ambaye hakumwacha kamwe. Mengi yameandikwa juu ya hilo na sina la kuongeza.

Basi mwaka 1951 mwanamke huyu anatimiza miaka 44. Hollywood ya wakati ule, mwanamke wa umri huo alikuwa anahesabiwa kama korosho ya msimu uliopita. Mwongozaji John Huston na mtayarishaji Sam Spiegel wanamwitia kazi Afrika, pamoja na Humphrey Bogart. Anakubali.

Hawakuja pwani yetu. Walikwenda Kongo ya Wabelgiji, kwenye Mto Ruiki karibu na Ponthierville, mji ambao leo unaitwa Ubundu, na baadaye wakahamia Uganda, Butiaba na maporomoko ya Murchison. Ubundu wanaongea Kiswahili. Kilifika huko kwa misafara ya kina Tippu Tip katika karne ya 19, iliyotoka pwani kutafuta pembe na watu. Kwa hiyo Hepburn, bila shaka bila kujua, alikaa wiki kadhaa katikati ya lugha iliyosafiri kutoka bahari ile ile ambayo mto wake wa kuigiza uliikana.

Shida walizozipata huko alizieleza mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1987, na ni kitabu cha kuchekesha maana anajicheka. Kambi ilikuwa ya vibanda vya miti na makuti. Siafu waliingia. Boti ilizama usiku ikabidi ivutwe juu kwa kamba. Husimuliwa kwamba wenyeji waliowekwa kuilinda waliambiwa waiangalie, nao wakaiangalia mpaka ikazama. Wazungu wamekirudia kisa hicho miaka yote kwa kicheko, na mimi hujiuliza tu mkalimani alikuwa nani, kwa sababu katika Kiswahili kuangalia ni kutazama na pia ni kutunza, na mtu wa kibarua cha siku moja anaruhusiwa kuchagua maana.

Bogart na Huston walikunywa wiski asubuhi mpaka jioni. Hepburn, ili kuwaonyesha alivyokereka, alikunywa maji, glasi kwa glasi, mbele yao. Maji ndiyo yaliyomwangusha. Alishikwa na tumbo la kuhara akakonda mno, na wale wawili hawakuumwa hata siku moja. Tukio la kanisani mwanzoni mwa filamu, anapopiga kinanda na kuimba kwa uso mkali, lilipigwa huku kando kukiwa na ndoo ya kutapikia. Ukitazama sasa utaona rangi ya uso wake. Hakupakwa na mtu.

Na hapo ndipo Huston alipompa maelekezo ambayo Hepburn aliyaita bora kuliko yote aliyowahi kupewa. Siku za kwanza alikuwa anamwigiza Rose Sayer, dada wa mchungaji, kwa kununa: mwanamke mkavu, midomo imeshuka. Huston akaenda kibandani kwake asubuhi akamwuliza kama amewahi kumwona Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akitembelea majeruhi wa vita hospitalini. Mama yule hakuwa mzuri wa sura, na alilijua hilo, kwa hiyo daima alivaa tabasamu lake la wageni. Mwigize huyo, akasema, akaondoka.

Tabasamu hilo limeibeba filamu nzima. Rose anapotaka boti ishuke mto usioshukika ili wakalipue meli ya Wajerumani, hafoki. Anatabasamu kama mtu anayeomba chumvi. Anapomwaga mtoni chupa zote za pombe za Charlie, mwenye boti anayeigizwa na Bogart, moja baada ya nyingine, Bogart akitazama kama aliyefiwa, yeye ametulia tuli. Baada ya kupita maporomoko ya kwanza uso wake unafunguka, anapumua juu juu, na anakiri kwamba hakujua mwili unaweza kupata raha ya namna ile. Sijui waigizaji wengi walioweza kumpa mtawa wa maisha yote dakika kama ile bila kumdhalilisha.

Kuhusu mto nilishasema. Kuhusu mwanamke, naona Hepburn alipatia kuliko mwandishi alivyodhani, kwa sababu kina Rose walikuwapo, na walikuwa huku kusini.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, aliteremka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akatembea nao bara akikusudia kwenda Nyasa. Walipofika Masasi wakasema hapa panatosha, wakakaa. Kutoka hapo misheni ya Waanglikana ilienea Masasi, Newala na kwingineko, ikiwa na wanawake Waingereza waliofundisha shule na kuuguza wagonjwa. Vita ilipoanza mwaka 1914 walikuwa raia wa nchi adui ndani ya koloni la Wajerumani. Hakuna aliyepewa boti. Walikamatwa, wakapelekwa bara, wengi wakafungwa Tabora mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Walimu na mapadri Waafrika wa misheni nao walikamatwa, na waliteswa kuliko wazungu. Katika filamu Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji ndani ya dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo Mwafrika haonekani tena ila kama askari anayepiga risasi kutoka ngomeni. Rose anamlilia kaka yake, mchungaji aliyekufa kwa homa na uchungu. Wale waliochukuliwa hakuna anayewauliza.

Wao walikwenda wapi? Huku kwetu tunajua. Machi 1916 meli ya Kijerumani iliyoitwa Marie iliwapenya Waingereza ikaingia ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na Mikindani, imejaa mizinga na risasi. Shehena hiyo ilitolewa ufukweni ikabebwa bara kwa vichwa vya watu. Septemba mwaka huo Waingereza wakaiteka Kilwa Kivinje, na Lindi pia, wakaleta wapagazi wao kwa maelfu. Julai 1917 walipigana Narungombe, nyuma ya Kilwa. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na upande wa Waingereza peke yake zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa, wengi wao Wanaijeria na askari wa Afrika Mashariki. Miongoni mwa mizinga ya Wajerumani huku kusini ilikuwamo ya Königsberg, iliyokokotwa kwa mikono ya watu kutoka kambi hadi kambi. Novemba kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma, akatuachia njaa. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu zao wenyewe, walizidi 40,000, na wanahistoria wanakadiria idadi ya kweli ilikaribia 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao.

Filamu moja haiwezi kubeba yote hayo, na hii ni hadithi ya watu wawili kwenye boti. Lakini ukiitazama Lindi, saa moja usiku, upepo wa bahari ukigonga dirisha, unaona wazi nani ameshushwa kabla safari haijaanza.

Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa Charlie Allnut. Hepburn aliteuliwa, hakushinda. Alichokipata yeye kilikuwa na faida ya muda mrefu: mlango. Rose alimwonyesha kwamba anaweza kumwigiza mwanamke aliyekaa kwa wazazi hadi ujana ukampita, bila kumfanya wa kuhurumiwa wala wa kuchekwa. Mwaka 1955 ikatoka Summertime, aliyoigizia Venice, kuhusu katibu muhtasi wa Kimarekani anayepata mapenzi akiwa likizo. Kuna tukio la kudondoka mferejini, akadondoka kweli mwenyewe, na maji machafu yakamwachia ugonjwa wa macho uliokaa naye maisha yote. Mwanamke huyu na maji hawakuwahi kupatana. Mwaka uliofuata ikaja The Rainmaker, dada mwingine anayechelewa kuolewa, mashambani wakati wa ukame.

Tracy aliugua, na Hepburn aliacha kazi kwa miaka kadhaa akimuuguza. Walirudi pamoja kwa Guess Who's Coming to Dinner, wazazi wazungu ambao binti yao anamleta nyumbani mchumba mweusi, Sidney Poitier. Tracy alifariki Juni 1967, siku chache baada ya kumaliza sehemu yake. Hepburn alipata Oscar ya pili kwa filamu hiyo, ya tatu mwaka uliofuata kwa The Lion in Winter, na ya nne kwa On Golden Pond ya mwaka 1981, akiwa na miaka zaidi ya sabini na kichwa kinachotikisika kwa maradhi. Hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kufikisha tuzo nne za uigizaji. Hakwenda kuchukua hata moja. Alipanda jukwaa la Oscar mara moja tu, mwaka 1974, kumkabidhi mtu mwingine tuzo yake, amevaa suruali.

Boti iliyoigiza nayo ipo hai. Iliundwa Uingereza mwaka 1912 ikafanya kazi Ziwa Albert miaka mingi kabla ya kukutana na kamera, na sasa iko Key Largo, Florida, inatembeza watalii kwenye mfereji. Liemba imebaki Kigoma. Mizinga ya Königsberg imetawanyika: mmoja upo Ngome ya Yesu, Mombasa, mwingine Pretoria. Mwili wa manowari yenyewe ulimezwa na matope ya delta miaka mingi iliyopita.

Hepburn alifariki nyumbani kwake Connecticut tarehe 29 Juni 2003, ana miaka 96. Mwaka huo huo, mwezi Agosti, lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Kabla ya hapo tulivuka kwa pantoni, na mvua ikikolea hatukuvuka kabisa. Kilwa na Lindi zilikuwa kisiwa. Sasa basi la Dar linapita pale asubuhi kwa dakika moja, abiria wengi wamelala. Mimi huomba kiti cha dirishani. Maji ya Ulanga yanapita chini, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na majani ya huko bara, yanaelekea mashariki.